Nahesabu vinywaji mpaka saa nane usiku, na bado shoti haiishi

"Habari za kazi, kaka. Nina baa ndogo Igombe, hapa Mwanza, jirani na mwalo wa mitumbwi ya wavuvi. Nauza bia aina kumi na moja, soda, maji, Konyagi na pombe kali nyingine chache, kwa chupa na kwa toti. Kaunta anakaa mtoto wa dada yangu, ana miaka 23, anapokezana zamu na binti mwingine. Kila Jumapili usiku tukishafunga tunahesabu vinywaji vyote. Tunaanza saa sita, tunamaliza saa nane, wote tumechoka na tumenuniana. Hesabu haijawahi kulingana hata mara moja. Wiki iliyopita shoti, yaani upungufu, ilikuwa 86,000, wiki ya kabla yake 31,000, na mwezi uliopita kuna wiki tulizidi 40,000, hiyo ndiyo sielewi kabisa. Shoti nimekuwa nikiwakata kwenye mshahara, nusu kwa nusu. Mume wangu anasema mtoto wa dada yangu ndiye anayeiba, nimrudishe kwao. Jirani ananishauri ninunue mashine yenye programu ya kuhesabu, na kamera juu. Mimi naomba kujua: nihesabuje haraka na kwa usahihi? Na chupa iliyokwisha kufunguliwa inapimwaje? Huwa naitazama tu nasema nusu, au robo."

Dada yangu, nianze na ile wiki mliyozidi 40,000. Umeitaja kama kioja cha pembeni, na mimi naona ndiyo iliyobeba jibu. Mwizi hazidishi. Hakuna mhudumu anayetoa hela mfukoni mwake akaiweka kwenye droo yako. Pesa ikiwa nyingi kuliko vinywaji vilivyotoka, kwa kawaida kuna mzigo ulioingia haukuandikwa, au kuna kreti imehesabiwa mara mbili, au mauzo ya siku moja yameangukia siku nyingine. Na kipimo kinachoweza kukosea 40,000 kwenda juu kinaweza vilevile kukosea 86,000 kwenda chini. Kwa hiyo kama mtoto wa dada yako anaiba, mimi sijui, wewe hujui, na shemeji yangu naye hajui. Hesabu yenu ya sasa haina mdomo wa kusema.

Chukulia unauza bia 2,500. Kreti ya matundu 25 ni 62,500. Kreti moja tu iliyojificha nyuma ya magunia ya mkaa inatosha kula sehemu kubwa ya hiyo 86,000. Zinabaki chupa tisa hivi za kutafuta. Hapo ndipo mnaponuniana.

Watu hudhani hesabu inachukua muda kwa sababu vinywaji ni vingi. Baa yako ina bidhaa kama ishirini na kitu. Hizo si nyingi. Muda wenu unaliwa na kutafuta, kubishana, na kurudia mlichokwisha kuhesabu kwa sababu mtu amepita katikati akachukua chupa. Nimefanya kazi ya stoo za vinywaji kwa miaka mingi hapa Mwanza, hotelini na kwenye baa za uswahilini, na baa ya ukubwa wako, ikipangwa, huhesabiwa na watu wawili chini ya dakika arobaini. Tena bila kukimbia.

Hesabu yenyewe ina namba nne. Ulichoanza nacho, jumlisha ulichopokea, toa kilichobaki: hapo unapata kilichotoka. Namba ya nne ni kilichouzwa, unayoilinganisha na hicho kilichotoka. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba namba zote nne lazima zikatwe kwa saa ileile moja. Ukihesabu vinywaji saa saba usiku lakini mauzo ukayafunga saa nne, unalinganisha wiki mbili tofauti. Jumapili usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kuna meza ya wavuvi wana bia sita mkononi na bili haijalipwa: chupa zimetoka, hela haijaingia. Kuna aliyelipa kwa simu na ujumbe ukachelewa, mkauandika Jumatatu. Friji nusu imejazwa kwa ajili ya kesho. Zile bia sita zitaonekana shoti leo, halafu wakilipa wiki ijayo zitaonekana ziada. Ndiyo maana namba zako zinapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa na wala hazielekei upande mmoja. Wizi wa kweli kwa kawaida huwa na tabia. Unajirudia kwenye vinywaji vilevile au kwenye zamu ileile.

Kwa hiyo badiliko la kwanza halihitaji hata shilingi. Hamisha hesabu kutoka Jumapili usiku kwenda Jumatatu saa moja asubuhi, kabla gari la wakala halijashusha na kabla mteja wa kwanza hajakaa. Usiku wa Jumapili funga mauzo tu: hela ya droo, ya simu, na daftari la madeni lenye jina, kinywaji na idadi. Deni ni mauzo. Liandike siku kinywaji kilipotoka, si siku kilipolipwa. Kisha stoo ifungwe kwa kufuli, funguo ukae nayo wewe. Asubuhi vinywaji vimetulia, hakuna anayesogeza kitu, na akili imepumzika.

Sasa upangaji. Chukua karatasi, simama mlangoni mwa stoo, andika majina ya vinywaji kwa mpangilio ambao jicho linavikuta ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Ukimaliza stoo nenda friji, halafu rafu ya kaunta. Karatasi ifuate rafu. Wengi wana karatasi iliyopangwa kwa herufi, wanaruka ruka kama wanaokota kumbikumbi, na kila wakiruka wanasahau kitu. Kila kinywaji kiwe na visanduku vitatu: stoo, friji, kaunta. Jumla inafanywa mwishoni, mezani, kwa kikokotoo cha simu. Mtu akijumlisha kichwani huku anahesabu, mojawapo itaharibika.

Kwa kila aina ya bia ruhusu kreti moja tu pungufu. Nyingine zote ziwe zimejaa au tupu kabisa. Hapo unahesabu kreti nzima kwa macho, unazidisha, kisha unahesabu chupa za ile moja. Usiandike "kreti tatu na nusu", kwa sababu nusu ya 25 haipo. Andika kreti 3, chupa 11. Na hesabu matundu ya kreti kwa kidole walau mara moja: za soda ni 24, za bia tulizozoea ni 25, ila si lazima kila kampuni ifanane, na bia za kopo huja kwenye boksi lenye hesabu yake. Nimewahi kukuta baa iliyokuwa ikizidisha soda kwa 25 mwaka mzima. Kila wiki walikuwa na shoti ya soda, na kila wiki kijana wa watu alikuwa analipa.

Mhesabu wawili: mmoja anagusa na kutaja, mwingine anaandika na kurudia kwa sauti alichosikia. Anayehesabu asioneshwe namba ya wiki iliyopita wala namba inayotarajiwa. Binadamu akijua inatakiwa itoke 47, ataiona 47 hata kama zipo 45. Ukimaliza, rudia vinywaji vitano tu ulivyochagua mwenyewe. Vikikubaliana, endelea na siku yako. Visipokubaliana, rudia rafu hiyo peke yake.

Kuna njia ya haraka zaidi kwa bia, na inanishangaza kwa nini wenye baa wengi hawaitumii. Hesabu chupa tupu. Chupa zetu nyingi za bia hurudi kiwandani, na wakala hakupi iliyojaa bila kumpa tupu. Maana yake, kama una kreti 40, una chupa 1,000, na asubuhi yoyote zilizojaa ukijumlisha na tupu lazima zikaribie 1,000, mpaka pale utakapoongeza kreti mpya au chupa zitakapovunjika. Hesabu kwa umbo la chupa na kampuni, kwa kuwa bia zenye majina tofauti zinaweza kutumia chupa ileile. Zikiwa 940, chupa 60 zimetoka nje ya uzio wako: wateja wameondoka nazo mtumbwini, au mtu amezibeba. Zikiwa 1,030, hilo ni gumu zaidi. Kuna chupa 30 zimeingia ambazo hukuzinunua wewe.

Hapo tumegusa wizi ambao hesabu yako ya Jumapili haiwezi kuuona hata ukihesabu mpaka alfajiri. Mtu wa kaunta ananunua kreti yake dukani kwa bei ya jumla, anaiingiza kwenye friji lako, anaiuza kwa bei yako na kuweka hela mfukoni. Vinywaji vyako vinabaki kamili na hela ya vinywaji vyako iko kamili. Hakuna shoti hata ya senti. Kilichopungua ni mauzo, na wewe utasema biashara ni mbaya. Kwa hiyo usidhani baa isiyo na shoti ndiyo baa salama. Kwa bia, chupa tupu ndizo zinazosema, ingawa mjanja atazitoa usiku uleule. Kwa pombe kali, weka alama yako kila chupa inapoingia stoo: nukta ya rangi ya kucha chini ya lebo inatosha, na badilisha rangi kila mwezi. Chupa isiyo na nukta ikionekana kwenye rafu, una swali la kuuliza.

Vizibo navyo vinasaidia. Agiza kila kizibo cha bia kiingie kwenye ndoo moja ya kaunta. Asubuhi usivihesabu kimoja kimoja. Pima 100 kwenye mizani, halafu pima ndoo yote ukitoa uzito wa ndoo yenyewe, gawanya. Haitakupa namba kamili, maana vya soda vitachanganyika na vingine vitaangukia mchangani, lakini ukiwa umeuza bia 180 na ndoo inasema 230, huhitaji usahihi zaidi ya huo.

Sasa chupa iliyofunguliwa. Kuitazama na kusema "nusu" kuna tatizo la umbo. Chupa ina mabega, shingo, na nyingine zina kitako kilichobonyea kwa ndani. Nusu ya kimo si nusu ya kilichomo. Kosa la toti tatu kwenye chupa moja ni dogo, lakini ukiwa na chupa nane wazi na kila wiki jicho likikosea upande wake, unapata shoti isiyokuwepo na ziada isiyokuwepo.

Tengeneza rula ya chupa. Chukua mzinga mtupu wa Konyagi, ule wa mililita 750, uoshe. Chukua kipimo chako cha toti, kilekile kinachotumika kaunta, mimina maji toti tano ndani ya chupa. Simamisha kipande cha kadibodi ngumu kando ya chupa, weka mstari mahali maji yalipofika, andika 5. Mimina tano nyingine, andika 10. Endelea mpaka ijae. Kipimo cha mililita 30 kitaingia mara 25. Cha mililita 25 kitaingia mara 30. Isipofika hapo, umegundua kitu muhimu bure: kipimo chako si kile unachodhani. Jumatatu unasimamisha kadibodi kando ya kila mzinga ulio wazi, juu ya meza iliyonyooka, jicho likiwa usawa wa kinywaji, unasoma toti zilizobaki. Sekunde tano kwa chupa. Kila umbo la chupa lina rula yake, na kwa baa yako hizo hazizidi sita.

Mizani ni bora kidogo kuliko rula, na si lazima iwe ya gharama. Ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja inatosha. Pima chupa ambayo haijafunguliwa, pima tupu ya aina hiyohiyo na kizibo chake, tofauti yake ndiyo kinywaji kizima. Pombe kali ni nyepesi kuliko maji. Konyagi ina kilevi asilimia 35, kwa hiyo mililita 750 zake zina uzito wa gramu 717 hivi, wakati maji yangekuwa karibu 750. Tuseme tupu yako ina gramu 430 na chupa iliyo wazi inasoma 790. Toa, unabaki na 360. Gawanya kwa 717, zidisha kwa 25: zimebaki toti 12 na nusu. Usitumie namba ya Konyagi kwa kinywaji cha krimu au chenye sukari nyingi. Hivyo ni vizito, kila kimoja kipime chenyewe. Na ng'oa mdomo wa kumiminia kabla ya kupima, la sivyo utamlipisha mtu uzito wa plastiki.

Uliza pia mizani haiwezi nini. Haitakuambia kama kuna maji ndani ya chupa iliyo nusu, kwa kuwa hujui ilikuwa na kiasi gani kabla. Kwenye chupa inayodaiwa kuwa nzima inaweza kukudokeza: ukitoa toti saba na kujaza maji mahali pake, chupa inakuwa nzito kuliko mpya kwa gramu tisa hivi. Lakini vioo vyenyewe hupishana gramu kadhaa, kwa hiyo chukulia hiyo kama fununu tu. Wa kuaminiwa ni hidromita ya pombe, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Na bado nasema, pua ya mteja wako wa kila siku hutangulia vyombo vyote. Akikuambia "hii leo imelala", msikilize.

Nikuoneshe namba hizi zinavyofanya kazi pamoja, kwa mfano wa kubuni wa wiki moja. Jumatatu ulikuwa na mizinga 14.6 ya Konyagi. Umepokea 12. Jumatatu iliyofuata imebaki 9.2. Iliyotoka ni 17.4. Mauzo yanasema mizinga mizima 9, na toti 186. Toti 186 za mililita 30 ni mizinga 7.44. Jumla 16.44. Pungufu ni 0.96, karibu mzinga mzima, toti 24. Hapa wengi wanasimama na kupiga kelele. Wewe endelea hatua moja. Mizinga mizima haimwagiki. Ukiondoa ile 9, kwa toti ilitumika 8.4, ambayo ni mililita 6,300. Zigawe kwa toti 186 zilizouzwa: kila toti ilikuwa na mililita karibu 34 badala ya 30.

Mililita nne ni ule mkono mwema wa kumimina ukiangalia uso wa mteja, siyo kipimo. Huenda ni wizi wa toti 24, ndiyo. Lakini huenda pia ni binti anayejaza mpaka ukingoni na kuongeza kidogo kwa sababu mteja amesema "dada, usininyime". Utajua vipi? Kaa kaunta jioni moja, mwombe amimine toti kumi za maji kwa namna yake ya kawaida, kisha pima. Zikitoka mililita 340, umepata jibu bila kumuita mtu mwizi. Zikitoka 300 barabara, maswali yanahamia kwingine. Zikitoka 260, basi wateja wanapunjwa, na mojawapo ya vyanzo vya ile ziada yako ndiyo hiyo. Ziada ya namna hiyo usiifurahie. Mvuvi akishagundua atahamia baa ya pili na hatakuaga.

Mimi kwa bia za chupa sikubali pungufu yoyote isipokuwa iliyovunjika, na iliyovunjika nataka kuona shingo yenye kizibo. Kwa toti navumilia asilimia mbili au tatu, kwa sababu kumimina ni kumimina. Usizichanganye bia na toti kwenye shilingi moja ya jumla kama mnavyofanya sasa. "Shoti 86,000" haifundishi kitu. "Bia ya Safari pungufu chupa 4, bia ya Balimi sawa, Konyagi pungufu toti 24" inafundisha.

Jambo la kwenu hasa, la ziwani. Usilinganishe mauzo ya wiki hii na ya wiki iliyopita. Baa iliyo jirani na mwalo haiendi kwa wiki, inaenda kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, taa zao zikivuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, na watu wanakaa kwako na hela waliyopata gizani. Weka alama ya giza na mbalamwezi pembeni ya kila Jumatatu kwenye daftari, ulinganishe mbalamwezi na mbalamwezi. La sivyo utamshuku mtu wa kaunta kila mitumbwi inaporudi ziwani. Siku za mbalamwezi pia ongeza hesabu ya katikati ya wiki kwa vinywaji vitano vinavyokimbia zaidi, asubuhi, dakika kumi.

Kuhusu mashine na kamera: jirani yako hana nia mbaya, ila mashine haihesabu chupa. Programu inajua kilichouzwa kwa sababu mtu amebonyeza, na inajua kilichopokelewa kwa sababu mtu ameandika. Asipobonyeza, nayo haijui. Kwa hoteli yenye aina mia na kaunta tatu ningesema nunua kesho. Kwa bidhaa ishirini na kitu, daftari lenye mistari au jedwali kwenye simu litakutosha mwaka mzima, na ukinunua programu baadaye utaiingiza ikiwa na taarifa safi. Kamera ina faida moja: kumaliza ubishi wa nani alichukua nini saa ngapi, baada ya hesabu kuonesha pa kutazama. Bila hesabu utatazama saa kumi na mbili za watu wanaokunywa. Kinachofaa zaidi kuliko vyote viwili ni makabidhiano ya zamu: anayetoka na anayeingia wanahesabu friji na chupa zilizo wazi pamoja, wanasaini wote wawili. Mpaka leo unawakata nusu kwa nusu, na hilo linaonesha kuwa hujui pungufu ilitokea zamu ya nani.

Na hilo la kukata mshahara, dada, lisimamishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata hasara hivihivi. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, uwe umempa sababu kwa maandishi na nafasi ya kupinga, makato yasizidi hasara yenyewe, na kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake. Nusu kwa nusu kwa shoti usiyoweza kuieleza haisimami, awe ndugu au si ndugu. Wakienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utajikuta wewe ndiye wa kujieleza. Mbali na sheria, mtu anayelipishwa asichochukua huanza kuchukua, ili angalau alipie alichokula. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mtoto wa dada yako usimrudishe kwao bado. Ukimrudisha kwa hesabu hii, utakuwa umemwambia dada yako kwamba mwanawe ni mwizi, na Jumapili ijayo shoti itakuwepo palepale. Kaa naye na mwenzake, waambie hesabu ya zamani imefungwa, hakuna anayedaiwa, na kuanzia Jumatatu mnaanza upya. Fanyeni Jumatatu nne mfululizo kwa saa ileile. Mbili za kwanza zitakuwa na makosa ya kujifunza, usizihukumu. Ya tatu na ya nne zikionesha pungufu kwenye kinywaji kilekile, au kwenye zamu ya mtu yuleyule, basi muda wa kusoma majibu kama haya umekwisha. Tafuta mtu wa nje anayehesabu vinywaji, asiyejulikana na wahudumu, aje afungue na kufunga siku moja bila taarifa. Mhasibu utamhitaji kama mauzo ya daftari na ya mashine ya risiti, EFD, hayafanani, kwa maana hapo TRA, mtu wa kodi, anaingia kwenye mazungumzo. Na ukikuta ushahidi wa wazi wa wizi, nenda kituo cha polisi na karatasi zako zilizosainiwa. Usiruhusu mtu yeyote ampige anayeshukiwa.

Kabla ya hiyo Jumatatu ya kwanza kuna daftari moja zaidi la kufungua, dogo tu, liwekwe pale kaunta: la ofa. Bia za askari wa doria, za fundi wa friji, za fundi muziki, na zile ambazo shemeji anawafungulia wageni wake Jumamosi. Kila moja iandikwe na aliyeitoa asaini. Aanze yeye.